Asubuhi Niliyobeba Mukinyai na Mdomo Umefungwa

Jumanne, katikati ya Julai, 2009.

Baridi ya leo ni ile ya kukufanya uvae soksi mbili na bado ulalamike. Mawingu yamekalia mji tangu asubuhi kama kifuniko cha sufuria. Mimi niko ndani ya saiba moja ya intaneti hapa barabara ya Tom Mboya, ghorofa ya kwanza, kiti cha dirishani. Jamaa mwenye saiba ananiangalia mikono. Anadhani ni uchafu. Tulia, ndugu. Ni rangi, imeshakauka, na ni nzuri kuliko hiyo uliyopaka ukuta wako.

Naona nimeanza na maringo. Ngoja niteremke.

Leo nimekaa kimya asubuhi nzima, na nimegundua jambo ambalo singetaka kuligundua.

Kama ni mara yako ya kwanza kupita kwenye blogu hii, mimi ni Wekesa, lakini Kangemi hakuna anayeniita hivyo isipokuwa watu wawili. Wengine wote huniita Redio. Shule na mimi tuliachana kidato cha pili, bila ugomvi, kila mmoja akaona mwenzake hamfai. Lakini mdomo ninao. Naweza kusimama pale sokoni nikauza hewa na mtu akaomba aongezwe. Kuanzia Kabiria mpaka Kangemi, nimekuwa nikisema, hakuna asiyenijua.

Hivyo ndivyo nilivyoamini hadi leo asubuhi.

Kazi yangu, wale mnaonionea wivu, ni kuchimba mizizi. Kuna kichaka kinaitwa mukinyai. Ukipita kando yake hutageuza shingo. Majani magumu yenye kingo za kujikunja, vitunda vidogo vinavyoiva vikawa vyeusi, basi. Mali yote iko chini. Ukibandua ganda la mzizi na kulichemsha, maji yanageuka kahawia ya udongo ulionyeshewa, na katani ikilala humo inatoka na rangi ambayo hata jua la miaka haliifukuzi. Ukitafuna kijiti chake, meno yanang'aa na midomo inakuwa kama imepakwa kitu cha duka. Na maji yake ni dawa ya tumbo. Niliyanywa siku moja. Sitasimulia.

Anayenituma ni Mama Mutheu. Alitoka Ukambani, na sasa anakaa kule chini Kangemi, karibu na mto, kwenye ploti yenye uwanja mdogo ambamo sufuria yake kubwa haiondoki kwa mawe matatu. Anatia katani rangi na kusuka viondo, vile vikapu vya kutundika begani. Wasusi wengine hununua rangi ya unga mjini, wanachemsha, wanamaliza kabla ya chai. Yeye hataki. Anasema ile ya unga inapiga kelele.

Ndio, mwanamke asiyependa kelele aliniajiri mimi. Hata mimi sijui alikuwa akifikiria nini.

Ana sharti moja. Jembe likishagusa udongo, mdomo wa mchimbaji unafungwa, na haufunguliwi mpaka mizizi iwekwe chini kando ya sufuria. Alivyoelezwa na mama yake ni kwamba mukinyai hupenda midomo. Ndiyo maana anayeitafuna hubaki na rangi mdomoni. Sasa ukifungua mdomo njiani, rangi inaingia kwako kwanza, sufuria inapata makombo.

Najua unacheka. Na mimi nilicheka. Halafu safari iliyopita makanga mmoja wa matatu pale Kawangware akaniuliza kama hiyo mizizi ni ile ya kuwapa wanaume nguvu, na mimi, Mungu anisamehe, nilishindwa. Nilimpa somo zima. Nilimwambia babu yangu alikuwa akiitafuna na wanawake wakajipanga foleni. Watu walisimama kusikiliza, ilikuwa kazi safi. Lakini rangi ilitoka kama chai ya kituo cha polisi. Mama Mutheu alichovya kijiti, akakiangalia, akaniangalia.

"Uliongea."

"Mama, hata neno."

"Wekesa, sufuria imeshasema."

Labda mizizi ilikuwa michanga. Labda maji yalizidi. Lakini aliniambia nikirudia, atamtafuta mchimbaji mwingine, na alivyosema kwa upole nilijua hatanii. Na ule uwanja, wacha niseme ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayenijua sura, ule uwanja ndio mahali pekee siku hizi ambapo mtu akiniona anasogeza kigoda. Chumbani kwangu hakuna. Tangu Jugush ahame, kitanda cha pili kimekuwa meza ya nguo chafu.

Jugush ni Njuguna. Tulikaa chumba kimoja Kangemi tangu nifike Nairobi nikitokea Bungoma na begi la mgongoni. Yeye ni mpole, mtu wa vitabu, mchana ni karani wa duka la vyuma, jioni anasomea uhasibu. Mwaka jana, zile wiki za baada ya uchaguzi ambazo watu wa mtaa walikuwa wakiulizana majina ya ukoo kabla ya salamu, mimi Mluhya na yeye Mkikuyu tulifunga mlango mmoja, tukapika ugali mmoja, na hakuna aliyelala jicho wazi kwa kumwogopa mwenzake.

Mwezi uliopita akahama. Hatukupigana. Alikuwa na mtihani, na mimi nilikuwa na hadithi. Kila akifungua daftari nilikuwa na hadithi. Siku ya mwisho alikunja godoro lake bila hasira, akasema, "Wekesa, nakupenda kama ndugu, lakini katika hiki chumba sijawahi kumaliza sentensi." Akaenda kukaa kwa shangazi yake Woodley. Mimi nikampigia kelele kutoka mlangoni kwamba atarudi akililia stori zangu. Majirani walicheka. Yeye hakugeuka.

Tangu hapo hajapiga simu, na mimi nimejifanya sina nambari yake.

Sasa, leo.

Nilikuwa Kabiria mapema, kwenye shamba la mama mmoja mwenye ng'ombe, ambaye huniachia nichimbe mpakani mradi nifukie shimo. Nilimsalimu, nikamtania kuhusu fahali wake, nikaongea ya kunitosha asubuhi nzima, kama mtu anayekunywa maji kabla ya safari. Kisha nikapiga jembe. Mdomo, kufuli.

Nilichimba vizuri. Wacha nijisifu hapo kidogo. Sikung'oa kichaka, nilifuata mizizi ya upande mmoja, nikakata kwa panga, nikafukia, nikamwachia mama jembe lake. Gunia begani, panga mkononi, nikashika njia ya kwenda Kangemi kwa miguu.

Unajua nilichoogopa? Salamu. Nilidhani nitashambuliwa. Nilikuwa nimepanga mpaka uso wa kuwaonyesha watu, uso wa huruma, wa kusema jamani leo siwezi, msinionee. Nilipita Kabiria nikiwa nimeuvaa. Nikapita kinyozi ambaye huwa ananiita bosi. Alikuwa mlangoni, akaniona, akaendelea kupangusa kioo. Nikapita soko la Kawangware, kwa yule dada wa mitumba ambaye nimekuwa nikiwaambia watu tunaelewana. Alinitazama vile mtu hutazama gari likipita. Nikapita fundi wa viatu, nikapita vijana wa mkokoteni, nikapita yule makanga wa somo la babu yangu.

Hakuna.

Hakuna aliyesema "Redio". Hakuna aliyeuliza leo kuna nini. Mara ya kwanza nilidhani hawajaniona, nikapunguza mwendo. Nikasimama kabisa mbele ya fundi wa viatu nikijifanya naweka gunia sawa. Alisogeza sanduku lake nisilikanyage.

Ndipo likaniingia, polepole, kama baridi ya sakafu. Miaka hii yote, salamu zote nilizokuwa nikijivunia, ni mimi niliyekuwa nikianza. Kila siku. Mimi ndiye huita, wao hujibu. Redio ikizimwa, watu hawaulizi nani ameizima. Wanaendelea tu na shughuli zao, na wengine pengine wanashukuru.

Nikaondoa ule uso wa huruma. Haukuwa na mtu wa kuutazama.

Njia inateremka kwenye bonde, kuna daraja dogo la mbao pale mtoni, ukivuka unaanza kupanda Kangemi. Nilikuwa nikiteremka, na mtu alikuwa akivuka kuja upande wangu. Sweta ya kijani. Mwendo wa kuinamia mbele kama anayetafuta sarafu. Hata ningekuwa kipofu ningemjua.

Akaniona. Akasimama. Akasema, "Wekesa. Niaje."

Mtu mmoja, asubuhi nzima, kutoka Kabiria. Na akaniita jina langu.

Na mimi nilikuwa nimefunga mdomo.

Ngoja niandike nilichofanya, nisikipambe. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika gunia. Mkono wa kulia ulikuwa na panga. Nilitaka kumwonyesha kwamba nimemsikia, kwamba asubiri, kwamba kuna sababu. Kwa hiyo nikainua mkono uliokuwa huru.

Haukuwa huru.

Niliona macho yake yakienda kwenye panga. Niliona mguu wake ukirudi nyuma, hatua ndogo tu, ya mtu ambaye mwili wake umekumbuka kabla ya akili. Sisi wawili. Katika chumba kile hatukuwahi kuogopana, na leo, mchana kweupe, kando ya mto, nimemwinulia rafiki yangu panga bila kusema neno.

Nikalishusha haraka. Nikatikisa kichwa. Sijui alielewa nini, maana mimi mwenyewe sijui nilikuwa nikisema nini kwa kichwa kile. Alingoja. Alinipa nafasi, siwezi kumlaumu. Kisha akasema, "Sawa. Nimekuelewa." Akanipita akiwa amejibana upande wa majani, kwa adabu, kama unavyompita mtu usiyemjua.

Nami nikavuka daraja.

Ningeweza kuongea. Neno moja, "ngoja", lisingeua mtu. Nimekaa hapa nikitafuta sababu nzuri na ninazo mbili mbovu. Ya kwanza, niliogopa kile kigoda cha Mama Mutheu kisije kikasogezewa mtu mwingine. Ya pili ni mbaya zaidi. Kuna sehemu ndogo ndani yangu, ndogo kama mbegu ya nyanya, iliyofurahi. Alitaka ninyamaze. Haya, nimenyamaza.

Ile furaha haikufika hata kwa Mama Mutheu.

Nilipotua gunia kando ya sufuria, maneno yalitoka yote kwa pamoja, mpaka Mama Mutheu akaacha kuchochea moto. Nilimweleza daraja, sweta, panga, yote. Nilikuwa nangoja aniambie pole, au pengine anisifu kwamba safari hii nimeshika sharti mpaka mwisho.

"Alikusalimia, na wewe ukaendelea kutembea?"

"Mama, si ulisema nisiongee."

"Nilisema usiongee. Sikusema usisimame." Akachukua mzizi mmoja, akaanza kuubandua ganda. "Kwetu ukikutana na mtu na umebeba mukinyai, unaweka mzigo chini. Unakaa hapo kando. Yeye anakaa na wewe, anasema yake, unasikia. Akimaliza mnainuka, kila mtu anaenda. Kila mtu anajua hiyo."

"Lakini hukuniambia, mama."

"Nilikuambia. Siku ile ya kwanza." Hakuinua macho kutoka kwa mzizi. "Ulikuwa unaongea."

Nikaokota mzizi mmoja, nami nikaanza kubandua. 

Nilikumbuka siku ile vizuri. Alisema mdomo ufungwe, na kabla hajavuta pumzi nilikuwa nimeshaanza kumhakikishia kwamba mimi ni kaburi, kwamba mimi nikiamua kunyamaza hata mawe yanakuja kujifunza. Nusu ya pili ya sharti ilinipita hapo hapo nikiwa nimesimama.

Niliacha mizizi nikarudi mbio mpaka darajani, nikavuka. Hakuwapo. Nilipiga simu, yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia mteja hapatikani, kwa ile sauti yake ya mtu asiyejali. Nikaandika meseji ndefu, ya mizizi, ya Ukambani, ya midomo na rangi, ikakatika vipande vinne. Ilipochelewa kujibiwa nikaandika nyingine kufafanua ya kwanza. Baadaye sana ikaingia ya kwake.

"Poa."

Basi. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kama kuna kitu nyuma yake. Na ukifikiria, ungekuwa wewe ungeamini? Mtu ambaye huongea hata usingizini anakuambia alinyamaza kwa ajili ya kichaka. Angekuwa mpole mwingine, kunyamaza kwake kusingekuwa jambo. Kwangu mimi kimya kina maana moja tu, na Jugush aliisoma kama mtu yeyote angeisoma.

Nilipita chumbani kubadilisha shati. Mama Shiru, jirani yangu wa mlango wa kushoto, alikuwa akianua nguo kabla ya manyunyu.

"Yule kijana wako alikuwa hapa asubuhi," akasema. "Alikaa kwa hiyo ngazi yako kwa baridi mpaka nikamletea chai. Nikamwambia uko kwa mizizi zako."

"Alisema anataka nini?"

"Mimi hakuniambia. Lakini alikuwa na kitu. Mtu hatoki Woodley na hii baridi kuja kuangalia mlango."

Alasiri tulichovya fungu la kwanza la katani. Mama Mutheu alilivuta na kijiti, likaning'inia likidondoka, na wacha niwaambie, tangu nimjue haijawahi kutoka rangi kama ile. Nzito. Imeingia mpaka ndani ya uzi. Alilitazama akaitikia kwa kichwa mara moja, ambako kwake ni kama mtu mwingine kupiga vigelegele, akanituma nilete hilo fungu mjini kwa yule mwenye duka la viondo alione kabla hajaagiza.

Katika siku nyingine yoyote ningekuwa nimeitangaza rangi hiyo kutoka Kangemi mpaka Biashara Street. Yule mwenye duka aliniuliza imetengenezwaje. Nikamwambia ni mizizi. Akangoja niendelee, maana ananijua. Sikuendelea. Akaniuliza kama ninaumwa.

Rangi nzuri kuliko zote nilizowahi kuchimba, na mtu pekee niliyetaka kumwonyesha ni yule niliyempita darajani.

Kwa hiyo niko hapa. Sikuichagua saiba hii kwa sababu ya kiti, ingawa kiti si kibaya. Dirisha hili linatazama jengo la ng'ambo, na ghorofa ya tatu ya jengo hilo ndiko kunakofundishwa uhasibu jioni. Taa zao zinawaka. Naona migongo. Nimekuwa nikiandika haya yote huku jicho moja likiwa kwenye ngazi zao, na jamaa wa saiba ameshaanza kuniona kama mwizi.

Nimepanga hotuba tangu nipande gari. Nina ya kuchekesha, inayoanza na yule makanga. Nina ya kuomba msamaha, ina machozi kidogo kwenye kona. Nina ile ya kumweleza mukinyai kwa ufasaha, mpaka ajute kuandika "poa". Zote nzuri. Zote, nikizisoma kichwani, ni mimi, mimi, mimi, tangu mwanzo hadi mwisho.

Na kuna jambo sikujiuliza mchana kutwa, mpaka vidole vilipoandika maneno ya Mama Shiru hapo juu. Mtu ameacha kazi asubuhi. Amepanda kutoka Woodley. Amekaa kwenye ngazi yangu kwa baridi. Akanikuta njiani, akanyoosha salamu ya kwanza baada ya mwezi mzima.

Alikuwa amekuja kuniambia nini?

Huenda ni habari njema. Huenda ni mtihani. Huenda shangazi yake anaumwa, au yeye, au anahama mji kabisa. Sijui. Nimempigia, nimemwandikia, na katika meseji zote mbili hakuna mahali nilipouliza.

Wanafunzi wameanza kushuka. Wanatoka kwa makundi, wanacheka, wanawasha simu zao. Hotuba nazifuta zote. Nitashuka, nivuke barabara, nimuulize hilo swali moja. Kisha nitakaa pale kwenye ukingo wa barabara, hata kama watu wanapita, na nitamwacha amalize sentensi. Yote. Mpaka nukta.

Kama hataki kunijibu, nitakaa hivyo hivyo.

Ile sweta ya kijani imetokea mlangoni. Amesimama kando ya wenzake, anafunga zipu ya begi, hakuna anayezungumza naye.

Nashuka.